Mtandao wa Taa za Pikseli: Tazama Nafasi Iliyobaki

Ukitaka kujua kama onyesho la taa za Krismasi limepangwa na fundi au na mwenye pupa, usimuulize mwenye nyumba ana taa ngapi. Muulize amebakiza nini. Poti ngapi za vidhibiti vyake hazina waya? Pawasaplai zake zinabeba sehemu gani ya uwezo wao? Na fremu moja, yaani picha moja ya taa zote, ikishatumwa, unabaki muda gani kabla ya fremu inayofuata? Asiye na majibu huenda ana onyesho zuri, ila la usiku mkavu.

Kwao mchezo huu ni Marekani, kwenye vitongoji ambako ikifika mwisho wa Novemba nyumba ya mtu hugeuka jukwaa. Watu huegesha magari barabarani, hufungulia redio za FM kwenye masafa yaliyoandikwa kwenye kibao, na paa, madirisha na miti hucheza kwa mdundo wanaousikia. Mwaka 2004 Carson Williams wa Mason, Ohio, aliipamba nyumba yake kwa taa zipatazo 16,000 zilizoongozwa na chaneli 88 za vidhibiti vya Light-O-Rama, na video yake ilipoenea ikawatia wengi hamu. Enzi hizo chaneli moja iliongoza mlolongo mzima wa taa: uwake, uzime au ufifie. Leo kila taa ni pikseli inayojitegemea na inataka chaneli 3, yaani nyekundu, kijani na buluu. Chaneli zote 88 za Williams zisingetosha pikseli 30. Ndiyo maana kupanga vidhibiti sasa ni ufundi wenye wajuzi wake.

Mgeni wa mchezo huu atakuonyesha kwanza swichi yake ya gigabiti. Mpongeze, kisha endelea kutembea. Itifaki inayotumika sana, E1.31, hugawa data katika mafungu yanayoitwa yunivasi, kila moja ikiwa na chaneli 512. Pikseli 170 huingia humo na chaneli 2 hubaki bure. Hata ukituma yunivasi 100, yaani pikseli 17,000, mara 40 kwa sekunde, hufikishi megabiti 25 kwa sekunde. Waya wa kawaida wa megabiti 100 hubeba mzigo huo bila shida.

Msongamano uko mbele zaidi, kwenye waya mwembamba unaotoka kwenye kidhibiti kwenda kwenye taa. Chipu ya WS2811 inayoongoza pikseli, na jamaa zake wengi, hupokea biti 800,000 kwa sekunde, haiongezi wala haipunguzi. Pikseli moja huhitaji biti 24, nazo huchukua maikrosekunde 30. Data hupita kama sinia la haluwa harusini: wa kwanza humega kipande chake, kisha humsogezea wa pili. Sinia likikwama kwa mtu mmoja, walioketi baada yake hawaonji kitu.

Chukua mti wa nguzo, ule ambao wapenzi wa taa huuita megatrii, wenye nyuzi 16 za pikseli 50. Hizo ni pikseli 800. Ukizitundika zote kwenye poti moja, kila fremu itachukua milisekunde 24, na onyesho la fremu 40 kwa sekunde lina milisekunde 25 tu. Utaambiwa kwamba zimeenea, na ni kweli. Lakini huwezi kuongeza hata nyota ya kileleni, na pikseli ya kwanza ikifa mti mzima umelala. Mjuzi huugawa mti huo kwenye poti 4 za pikseli 200. Milisekunde 6 zinatosha, na ajali ikitokea hula robo tu ya mti. Nafasi aliyoiacha kwenye muda ndiyo hiyohiyo inayozuia hasara isisambae. Kuna wanaocheza kwa fremu 20 kwa sekunde ili wapate milisekunde 50, na sioni aibu ndani yake. Jicho la mtu aliye barabarani halilalamiki. Ila iwe ni uamuzi wa mwanzo, isiwe kimbilio baada ya poti kujaa.

Hapa pana mtego mmoja ambao wauzaji hawautaji sana. Data inayotoka moja kwa moja kwenye kidhibiti huanza kuchafuka baada ya mita chache tu, na taa hupepesa ovyo. Kwa umbali wa makumi ya mita hutumika kebo ya Cat5 na kipokezi mwishoni, na jozi 4 za waya zilizo ndani ya kebo hubeba poti 4. Vipo vipokezi vinavyoweza kufuatana kwenye kebo moja, kimoja baada ya kingine, na mtu huhisi amepata poti mpya bila kununua kidhibiti. Hakupata. Pikseli zote zilizo nyuma ya poti moja bado zinagawana milisekunde zilezile. Mpango mzuri huandika jumla ya pikseli za mnyororo wote, si za kila kipokezi peke yake.

Kebo hiyo pia hufanana kabisa na ya mtandao wa kawaida, hata kichwa chake ni kilekile, lakini kinachopita ndani si mtandao. Ukiichomeka kwenye swichi unaweza kuunguza kitu. Mimi nikiona kebo za vipokezi ni za rangi moja na za mtandao ni za rangi nyingine, hukubali haraka kwamba mpangaji anajua anachofanya.

Anwani zinataka maneno machache. Kila kidhibiti kiwe na anwani yake ya kudumu, isiyogawiwa na ruta, na mtandao wa onyesho utengwe na ule wa nyumbani. Anayetuma E1.31 kwa maltikasti, yaani kwa vifaa vyote kwa pamoja, kupitia Waifai ya nyumbani hugundua siku ya kwanza kwamba simu za familia nzima zimekuwa nzito. Yunikasti hupeleka data kwa anayehusika tu, na itifaki ya DDP ni nyepesi zaidi, maana haihesabu yunivasi na kifurushi chake kimoja hubeba pikseli 480. Wengine hawatumi rangi kabisa wakati wa onyesho: programu ya Falcon Player huwekwa kwenye kila kidhibiti pamoja na faili la onyesho, na kifaa kimoja kiongozi hutangaza tu saa ili wote waende pamoja. Kwa uwanja mpana naupenda mtindo huu, kwa sababu kebo ikilegea kwa dakika moja kidhibiti huendelea kucheza.

Kisha umeme, na hapa ndipo maonyesho mengi yanapoanguka. Pikseli ya volti 5 ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote huweza kula miliampea 60. Uzi wa pikseli 50 unakula ampea 3. Poti za vidhibiti vingi zina fyuzi ya ampea 5, kwa hiyo nyuzi mbili nyeupe tupu tayari zimeshaizidi. Mpangaji hodari hushusha mwangaza hadi asilimia 30 au 40, na taa hazipungui uzuri, kwa kuwa mwangaza kamili huumiza macho ya jirani. Hata hivyo hupiga hesabu ya mwangaza kamili, kwa sababu iko siku mtu atabonyeza kitufe cha majaribio.

Kuutambua umeme uliochoka hakuhitaji kipimo. Omba taa zote ziwashwe nyeupe, kisha tazama mwisho wa uzi. Weupe ukigeuka rangi ya waridi au chungwa, volti zimeshuka, kwani buluu na kijani huhitaji volti nyingi kuliko nyekundu, nazo hutangulia kufifia. Dawa yake ni kuingiza umeme upya njiani. Pawasaplai mbili zikikutana hapo, waya zao hasi huunganishwa na chanya hutenganishwa. Wapo wanaokimbilia volti 12 kila mahali ili waepuke kazi hii. Kwa paa refu wana haki, maana kupoteza volti 1 kati ya 12 si sawa na kupoteza 1 kati ya 5. Lakini pikseli nyingi za volti 12 hugeuza ziada hiyo kuwa joto tu, na kwa mti ulio hatua chache kutoka kwenye sanduku la kidhibiti naiona ni hasara.

Kwenye soketi za nyumba, saketi ya Marekani ya ampea 15 na volti 120 haipaswi kubeba zaidi ya ampea 12 kwa saa nyingi mfululizo, yaani wati 1,440. Soketi za nje hujikata umeme unapovuja, na mvua ikinyesha mivujo midogo ya pawasaplai nyingi hujumlishwa. Anayezigawa kwenye saketi tatu hupoteza upande mmoja wa bustani. Aliyezirundika kwenye moja hupoteza yote. Angalia pia waya zinaingiaje kwenye sanduku: kwa chini, zikiwa zimening'inia kidogo ili maji yadondoke kabla ya kufika kwenye tundu.

Jambo la mwisho ni kuomba kuona mpango wenyewe. Kwenye xLights, programu ya kupangia onyesho, kila umbo linapaswa kuonyesha kidhibiti chake, poti yake na idadi ya pikseli zake, na lebo iliyobandikwa kwenye waya iseme vivyo hivyo. Hapo kidhibiti kikifa Jumamosi jioni, cha akiba cha aina ileile hupewa anwani ya marehemu, xLights hukipakia mpangilio wote wa poti, na kinachobaki ni kuchomeka waya kwa kufuata lebo.