Jina la Umbo na Jina la Mtu: Uainishaji katika Uhakiki wa Ushairi wa Kiswahili

Uhakiki hauwezi kuepuka uainishaji. Msomaji asiyetofautisha utenzi na tarbia, wala asiyetambua mshororo wa mizani 16 uliogawika 8 kwa 8, hawezi kueleza kwa nini utungo mmoja hufaa kusimulia vita na mwingine kujibizana. Kaluta Amri Abedi, alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka wa 1954, aliwapa wahakiki chombo ambacho hata wapinzani wake wameendelea kukitumia.

Tatizo huzuka pale jina la umbo linapogeuzwa kuwa jina la mtu. Mjadala kuhusu vina na mizani, uliopamba moto katika miaka ya 1970, hasa baada ya kutoka kwa Kichomi cha Euphrase Kezilahabi mwaka wa 1974, uliwagawa watunzi katika makundi mawili: wanamapokeo na wanausasa. Polepole istilahi hizo ziliacha kutaja namna ya kutunga, zikaanza kutaja msimamo. Mwanamapokeo akadhaniwa kuwa mhafidhina. Mwanausasa akadhaniwa kuwa mpenda mageuzi.

Sauti ya Dhiki (1973) inaivunja mantiki hiyo. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake, Kenya: Twendapi?, ulioikosoa serikali. Hata hivyo, mashairi aliyoyatunga gerezani yanazingatia arudhi kwa ustadi mkubwa. Akiitwa mwanamapokeo tu, upinzani wake unafichika. Akiitwa mwanamapinduzi tu, usanii wake unapuuzwa. Isitoshe, mambo hayo mawili yanategemeana: vina na mizani ni lugha ambayo hadhira ya Mvita ilikwisha kuizoea, na mpinzani aliyeitumia alijihakikishia wasikilizaji. Vivyo hivyo, utungo huru hauwi wa kimaendeleo kwa kukosa vina tu.

Basi istilahi zidumu, lakini kila moja ibaki na kazi yake. Swali la bahari hujibiwa kwa kuhesabu mizani na kutazama vina. Swali la msimamo hujibiwa kwa kusoma kinachosemwa, anayeambiwa, na mazingira ya usemi huo. Mwanafunzi anayefunzwa kulijibu la pili kwa jibu la kwanza atapita mtihani, naye Sauti ya Dhiki atakuwa hajaisoma.