Majibu Matatu ya Swali Moja: Kuyasoma Makosa ya Hisabati Darasa la Tano

Andika ubaoni 502 − 178, wape wanafunzi wa Darasa la Tano muda wa kutosha, kisha kusanya madaftari. Jibu sahihi ni 324. Weka pembeni waliolipata. Katika yanayobaki, tazamia kukutana na 476, 424 na pengine 323. Kalamu nyekundu itayapa majibu hayo matatu alama ileile ya kosa, ingawa walioyaandika hawana tatizo moja. Mwalimu akiwarudishia wote somo lilelile la kutoa, huenda akamsaidia mmoja na kuwapotezea muda wawili.

Tuanze na 476. Mtoto huyu kaangalia kila safu peke yake, akatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu: 8 toa 2 ni 6, 7 toa 0 ni 7, 5 toa 1 ni 4. Hajakopa popote. Kwake 502 ni tarakimu tatu zilizopangwa jirani, hajaiona kuwa namba moja yenye mamia, makumi na mamoja.

Wa 424 yuko mbele zaidi. Anajua kwamba 2 haitoshi kutoa 8, akakopa ikawa 12, akapata 4. Alipofika kwenye sifuri ya makumi aliigeuza 9, jambo ambalo ni sahihi, ila hakwenda kwenye mamia kupunguza 5 iwe 4. Kakopa bila kudaiwa na mtu. Huyu hahitaji kuanza upya. Hatua moja tu ndiyo iliyomponyoka.

Wa 323 anajua kazi yote. Kahesabu vibaya 12 toa 8. Mwambie arudie, atajisahihisha mwenyewe.

Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, walichapisha uchambuzi wa makosa ya namna hii. Walionyesha kwamba makosa mengi ya watoto katika kutoa hayatokani na uzembe. Mtoto hufuata kanuni kwa uaminifu kabisa, isipokuwa kanuni yenyewe ni mbovu. Ukiitambua, unaweza kutabiri atakachojibu katika swali linalofuata kabla hajashika kalamu. Walitengeneza hata programu ya kompyuta, BUGGY, ya kuwafanyisha walimu mazoezi ya kuzitambua kanuni hizo.

Kompyuta si lazima. Kinachohitajika ni swali lililochaguliwa namba zake kwa makusudi. Laiti mwalimu angetoa 578 − 132, wote watatu wangeweza kupata 446, maana hakuna pa kukopa. Angetoa 542 − 178, wa kwanza angenaswa kwa kuandika 436, lakini wa pili angepata 364 na kupewa vema, kwa sababu hakuna sifuri ya kumkwamisha. Sifuri ya katikati katika 502 ndiyo inayowatenganisha wote. Hapo ndipo penye ufundi wa kutunga zoezi: swali zuri la kupima ni lile ambalo njia mbovu haiwezi kulifikisha kwenye jibu sahihi.

Kipimo hicho kinafaa kila mada ya madarasa ya juu. Chukua MAGAZIJUTO, kanuni ambayo kila mtoto huikariri: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Katika 20 + 8 − 5, anayefuata herufi kwa mpangilio wake na anayetoka kushoto kwenda kulia wote hupata 23. Sasa badilisha alama: 20 − 8 + 5. Aliyekariri kwamba kujumlisha hutangulia kutoa atasema 8 na 5 ni 13, 20 toa 13 ni 7. Jibu ni 17, kwa kuwa kujumlisha na kutoa vina daraja moja na hufanywa kwa mfuatano kutoka kushoto. Kanuni iliyokusudiwa kumsaidia ndiyo iliyompoteza, na mazoezi ishirini ya aina ya kwanza yasingeligundua hilo.

Au sehemu. Nusu ya ndoo ya usipa (aina ya dagaa) na theluthi ya ndoo, jumla ni ngapi? Mmoja ataandika 2/5, kajumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Mwingine ataandika 2/6: kaitafuta KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika), akaipata 6, ila viasi akaviacha kama vilivyokuwa. Jibu ni 5/6. Yule wa 2/6 akumbushwe tu kwamba asili ikibadilika, kiasi nacho hubadilika. Wa 2/5 arudishwe kwenye ndoo yenyewe. Aulizwe: ulikuwa na nusu, ukaongezewa, imekuwaje sasa una pungufu ya nusu? Maana 2/5 ni ndogo kuliko 1/2. Katika Ngumbo, kando ya Ziwa Nyasa, ambako usipa hupimwa kwa ndoo, hakuna mtoto atakayekubali hesabu hiyo ufukoni. Daftarini ataikubali, kwa sababu hajaambiwa kwamba namba za daftarini ndizo zilezile za ndoo.

Pengo hilo kati ya ufuko na daftari limepimwa kwingine. Mwaka 1985 Terezinha Nunes Carraher na wenzake walichapisha utafiti waliofanya Recife, Brazil, kwa watoto watano waliokuwa wakiuza bidhaa mitaani. Katika biashara yao walipata asilimia 98.2 ya hesabu. Hesabu za aina hiyohiyo zilipoandikwa kama namba tupu, walipata asilimia 36.8.

Ieleze kwa shilingi. Mteja kanunua samaki wa 3,400 na katoa noti ya 10,000. Mtoto aliyezoea kuuza huhesabu kwa kupanda: mia inafikisha 3,500, mia tano inafikisha 4,000, elfu sita inafikisha 10,000. Chenji ni 6,600. Mpe 10,000 − 3,400 kwa safu, na kama ni wa ile kanuni ya ndogo kwenye kubwa ataandika 13,400, yaani anamrudishia mteja zaidi ya alichotoa. Kumbe kujua anajua. Kazi ya mwalimu ni kuziweka njia mbili hizo kwenye ukurasa mmoja na kumwachia mtoto aamue ipi haiwezekani. Noti ya elfu kumi iliyovunjwa kuwa elfu elfu kumi ni somo la kukopa tayari.

Kwa nini basi njia hizi za watoto hazisomwi? Sababu moja ni mtihani. Mwaka 2012 Baraza la Mitihani la Tanzania lilianza kutumia fomu za OMR, zinazosahihishwa kwa mashine, katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, na maswali yote, Hisabati ikiwemo, yakawa ya kuchagua. Kwa chaguo tano, asiyejua chochote ana nafasi moja kati ya tano ya kupata kila swali. Baadaye Hisabati ilirudishiwa maswali machache ya kuonyesha njia, na Baraza hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Taarifa hizo zina manufaa, lakini hutoka wakati aliyekosea keshaondoka Darasa la Saba. Daftari la leo linamhusu mtoto ambaye bado yuko darasani.

Sababu ya pili ni wingi wa wanafunzi. Sera inataka mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na darasa la 60 au zaidi si ajabu katika shule za vijijini. Maswali kumi kwa watoto 60 ni majibu 600. Hakuna anayeweza kuzisoma njia zake zote kabla ya kipindi kinachofuata. Dawa ni kupunguza maswali. Matatu yaliyochaguliwa vizuri ni majibu 180. Badala ya kuyagawa kwa alama, yapange madaftari kwa mafungu ya jibu: wa 324 hapa, wa 476 pale, wa 424 kule. Mafungu yatakwambia kesho uanze na nani, na nani apewe kazi ya mbele.

Taratibu mbili ndogo zitasaidia. Kwanza, zuia ufutio. Aliyekosea apige mstari mmoja juu ya kosa na kuendelea chini yake, ili njia yake ionekane. Pili, badilisha masahihisho. Kunakili jibu la ubaoni chini ya kichwa cha “Masahihisho” kunaonyesha tu kwamba mtoto anaweza kunakili. Aandike sentensi moja: “Nilisahau kupunguza mamia baada ya kukopa.” Akishindwa kuiandika, mwite pembeni umwulize, “Hebu nieleze, hapa ulifanyaje?” Kisha msikilize bila kumkatiza, kwani mara nyingi atajigundua akiwa bado anaeleza.

Walimu wa Ngumbo, Liuli na Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa, hawana haja ya kungoja vifaa ili kufanya haya. Chaki, ubao na madaftari yaliyopo vinatosha. Wazazi nao wasitosheke na kuhesabu vema na makosa. Mwanao akirudi na daftari leo, mchagulie swali moja alilokosa na umwombe akuonyeshe alivyolifanya.