Kamera Inayobisha Hodi

Somo la kwanza la video ninalofundisha halina kamera. Nawatoa wanafunzi nje ya geti, tunakwenda mpaka kwenye nyumba za jirani, na kila mmoja anabisha hodi. Akiitikiwa karibu, anaingia. Akiambiwa subiri, anasubiri. Hodi tatu zisipoitikiwa, anageuka na kurudi alikotoka. Vijana hucheka, maana haya walifunzwa na mama zao kabla hawajajua kuhesabu. Basi nawaomba wayakumbuke siku nitakapowapa simu yangu waende kurekodi.

Hapa Ngara nina sababu ya kuling'ang'ania jambo hili. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa hesabu ya UNHCR, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitokea Rwanda, na nyuma yao zikaja kamera za dunia nzima. Kambi ya Benaco, iliyopigwa kwenye ardhi ya Kasulo, ikajulikana ng'ambo kuliko wilaya yenyewe. Mmoja wa waliofika alikuwa Sebastião Salgado, mpiga picha wa Brazil, na picha zake za Benaco zimo katika kazi kubwa aliyoitoa mwaka 2000 juu ya watu waliong'olewa makwao. Nampenda Salgado. Aliujua mwanga na alikuwa na subira ya kuungoja. Lakini kila nikiwaonyesha wanafunzi picha za wakati ule, swali lao la kwanza ni lilelile: huyu mtoto anaitwa nani? Sina jibu. La pili ni gumu zaidi: na sisi tulikuwa wapi? Kwa maana bibi zao walikuwepo. Waligawana maji na kuni na umati ule, wakaiona miti ya vilima vyao ikiisha, na Desemba 1996, Wanyarwanda waliporudishwa kwao, wakabaki na ardhi yenye vipara. Sura za bibi hao sijazikuta katika picha zilizoizunguka dunia.

Masikio yao yalipata bahati kuliko sura zao. Mwaka 1995 Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera papa hapa Ngara, na redio hiyo ilizungumza na wakimbizi na wenyeji pamoja. Jina lake katika Kirundi na Kinyarwanda linabeba maana ya kutumaini. Wanafunzi wangu wamekulia katika nyumba ambamo redio hiyo husikika, na nadhani ndiyo sababu sauti huwapa shida kidogo kuliko picha. Anayeanza kurekodi mahali pengine husahau upepo. Wa kwetu huulizana kwanza nani asimame upande upepo unakotoka, akinge simu kwa kanga.

Niseme wazi kwamba hii ni kazi ya mikono, kama kusuka ukili. Ina makosa yake ya kawaida na ina dawa zake. Mkono ukitetemeka, egemeza kiwiko kwenye shina la mgomba. Mchana wa saa sita jua hukata nyuso vipande viwili, kwa hiyo tunatoka asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni, au tunangoja jioni. Anayehojiwa akinyamaza, usikimbilie swali jingine. Hesabu moja mpaka tano kimoyomoyo, kwa sababu neno alilokuwa nalo tangu mwanzo liko nyuma ya huo ukimya. Hili la mwisho huchukua muhula mzima kulifundisha.

Kisha huja uhariri. Kwetu tunauita kupeta. Umerekodi dakika arobaini, unataka tatu, basi unatikisa ungo na kuacha upepo ufanye kazi yake. Kinachouma ni kwamba si kila kinachopeperuka ni pumba. Kuna kijana aliyekataa kabisa kuondoa picha ya jua likizama nyuma ya malori ya Rusumo, nzuri kweli, wakati habari yake ilihusu utingo anayelala chini ya lori akisubiri kuvuka mpaka. Alikaa siku mbili bila kusema nami. Siku ya tatu alikuja akaiondoa mwenyewe, akabakiza kikohozi cha yule utingo gizani. Ilikuwa sekunde nne tu, na ziliibeba video nzima.

Tunabadilishana kazi na mwalimu mwenzangu aliyeko Biharamulo. Intaneti yetu haina nguvu ya kubeba mafaili makubwa, kwa hiyo memori kadi hufungwa kwenye bahasha na kusafiri kwa basi, kupitia Nyakahura na Lusahunga. Watoto wa kule hutuletea misitu na moshi wa warina asali. Wa kwetu huwapelekea migomba, baridi na mazungumzo ya Kihangaza, lugha ya hapa. Hapo kwenye Kihangaza ndipo panapowatoa jasho, kwa sababu lazima waandike tafsiri ya Kiswahili chini ya picha, na bibi anayesimulia hasemi kwa kasi ya maandishi. Wakifupisha, utani wake unakufa. Wakiandika yote, macho ya mtazamaji hayapandi tena mpaka usoni pake. Nimewaona wakibishana saa nzima juu ya neno moja, na sijapata kuona kipindi cha Kiswahili darasani kikiwapa wanafunzi ubishi wa namna hiyo.

Wapo wazee wanaoniambia nawazoesha vijana upuuzi wa simu. Nawaelewa, maana klipu za kuchekana zimejaa mitandaoni, na mtu anarekodiwa akianguka kabla hajasaidiwa kuinuka. Ila kijana hatajifunza heshima ya chombo asichopewa kukishika. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nami huwasomea vifungu vyake, lakini sheria huingia akilini upesi zaidi ikikuta hodi imetangulia.

Wala njia hii haikuanzia kwetu. Mwaka 1967 Colin Low wa Bodi ya Filamu ya Taifa ya Kanada alikwenda kisiwa cha Fogo, ambacho serikali ilitaka wakazi wake wahamishwe, akatengeneza na wavuvi filamu fupi zipatazo 27. Waliotazama kwanza ni wavuvi wenyewe, ndipo zikapelekwa kwa viongozi. Wavuvi wakaunda ushirika wao na hawakuhama. Kwetu Tanzania, miaka ya 1990, kundi la Maneno Mengi lilifanya kazi ya jinsi hiyo na wavuvi wa Mtwara waliokuwa wanateswa na uvuvi wa baruti. Utaratibu huo wa nani aone kwanza ndio ninaoushika. Mradi mmoja uliwahi kutufikia na kamera nzuri, ukafundisha siku tano, ukaondoka na kamera pamoja na kazi zote za watoto. Nakala tulizoahidiwa hazijafika mpaka leo. Tangu hapo kanuni yetu ni moja: aliyerekodiwa huona kabla ya mtu mwingine yeyote.

Muhula uliopita msichana mmoja alitaka kurekodi foleni ya maji. Alibisha hodi yake kisimani, akina mama wakamkubalia, ila si nyuso. Walikuwa wametoka shambani, hawakutaka kuonekana hivyo. Alikaa pembeni kwanza, simu mfukoni. Kisha akalala kifudifudi kwenye nyasi, akarekodi miguu. Malapa yaliyokatika na kufungwa kwa uzi, katambuga, nyayo zenye udongo mwekundu, mguu mmoja ukipumzika juu ya mwenzake, ndoo zikisogea hatua moja, zikisimama, zikisogea tena. Hakuweka muziki. Tulisikia maji yakidondoka na wanawake wakiulizana habari za watoto.

Tuliwaonyesha palepale kisimani, jioni, kwa shuka lililotundikwa kati ya miti miwili na projekta ya kuazima. Kimya kilidumu kidogo, halafu mama mmoja akapaza sauti: "Hizo katambuga ni zangu! Na huyo nyuma ni Mama Jeni, anasimama kwa mguu mmoja kama korongo!" Wakacheka, wakaanza kutambuana mguu kwa mguu. Video ilipokwisha, Mama Jeni alimwita yule msichana, akamwambia arudishe mwanzo, kwa sababu alikuwa ameangalia miguu ya wenzake akasahau kuangalia wake.