Barua za Nellie na Mbuzi za Ata

Nilisoma Nellie: Letters from Africa hapa Eliye Springs, nimekaa chini ya mikoma. Nakala yangu imeachia gundi, kwa hivyo kila upepo ulipovuma nilikimbiza kurasa mchangani. Elspeth Huxley alikitoa 1980, miaka mitatu baada ya mama yake kufariki. Anaanza yeye kusimulia ukoo, halafu barua za mama zinachukua usukani, na kusema kweli kitabu kinachangamka hapo tu.

Nellie Grant alizaliwa Uingereza 1885, binti wa Lord Stalbridge, tajiri ambaye mali ilimponyoka. 1912 akaja na mumewe Thika kulima kahawa, baadaye wakahamia Njoro. Mwaka 1965 akaondoka kwenda Ureno, tayari ni mzee. Kumfuatilia mama wa namna hii si kazi ngumu. Familia yenye cheo huzaliwa na karatasi zake mkononi.

Wengi wanamjua kama Tilly wa The Flame Trees of Thika, cha 1959. Kile kinafungua na gari la maksai, mtoto yuko ndani na wazazi, anaona kila kitu. Kumbe mtoto hakuwepo! Elspeth alifika Desemba 1913, akiwa na miaka sita, wakati wazazi walikuwa wameshatangulia. Safari ile aliisikia, akaipanda baadaye. Kuna wanaoita huo uongo. Mimi simo. Sisi Waturkana wote tulifuata ng'ombe pamoja na Nayeche, yule mwanamke wa Kijie aliyevuka kutoka Karamoja akaja kuishi kwa matunda ya porini, hadi vijana waliokuwa wakimtafuta mnyama wakamkuta. Mustafa Mirzeler ameandika kitabu kizima juu ya wanaosimulia habari hiyo, kilitoka 2014. Mlima wake, Moru Anayeche, bado uko. Hakuna mtu huuliza alikuja mwaka gani.

Kinachoniudhi kwa Huxley ni kingine. Thika ina Njombo, ina Sammy, ina Juma mpishi, na amewachora vizuri, unawasikia wakiongea. Lakini mama yake Juma alikuwa nani? Alitoka wapi, alifuata nini? Sikumbuki kitabu kikijali. Upande mmoja wa meza ukoo unapanda mpaka kwa malord, upande wa pili mtu anaanza siku alipoajiriwa.

Nilitaka kumaliza na lawama hiyo. Barua ndizo zilinizuia.

Ata, nyanya yangu, aliolewa huku ziwani akitoka upande wa Kakuma. Mwaka ulio kwenye kitambulisho chake ulikisiwa na karani. Jina lake lilikuwa la mvua, basi ilinyesha siku hiyo, na hiyo ndiyo cheti cha kuzaliwa. Desemba moja nilimwekea simu mbele nikamwambia, "Ata, niambie habari za mama yako." Akaongea karibu saa nzima kuhusu mbuzi. Nani alikuwa na rangi gani, nani alizaa pacha wakati wa njaa, nani alipewa shemeji na hakurudishwa. Mama yake alimtaja mara moja. Nikaboeka. Simu ilikuwa imejaa, nikakata mbuzi, nikabakisha sentensi ya mama.

Sasa soma Nellie. Shamba, hali ya hewa, kuku, pesa hazitoshi, mpango mwingine mpya wa kupanda kitu ambacho hakitamtajirisha. Binti angeweza kuyapunguza abaki na mambo makubwa. Ameyaacha kurasa kwa kurasa, na baada ya mia hivi unagundua unamjua huyu mama: anavyokasirika, anavyojicheka, anachokwepa kusema juu ya mumewe.

Ata alifariki Machi iliyofuata. Ninacho kipande cha sekunde kumi na nne. Anasema mama yake alikuja kwa miguu akiwa amembeba mgongoni, halafu anavuta pumzi ili aanze kueleza walikuja na mbuzi gani.