Hema la Joto na Boksi la Rangi

James Augustus Grant aliondoka Unguja Septemba 1860 akiwa na kamera. Yeye na John Hanning Speke walikuwa wanakwenda kutafuta chanzo cha Mto Nile, na kazi ya picha ilikuwa yake. Haukupita muda kamera ikawekwa kando.

Tatizo lilikuwa hema. Picha za enzi hizo zilipigwa kwenye kioo kilichopakwa kolodioni na kutumbukizwa katika nitrati ya fedha. Kioo kilipaswa kuingia kwenye kamera na kusafishwa kingali kibichi, gizani. Porini, giza lilikuwa kijihema kisichopitisha mwanga, wala upepo. Speke aliandika kwamba joto la humo lingemuua mwenzake upesi. Aliyewahi kujifungia kwenye turubai Ifakara mwezi wa Februari hahitaji kuelezwa zaidi.

Grant akashika brashi.

Rangi ya maji ni unga wa rangi ulioshikwa na gundi ya mgunga, mti usio mgeni kwetu. Boksi lake ni dogo na halitaki giza. Sharti lake gumu ni moja: nyeupe haipakwi, huachwa. Karatasi yenyewe ndiyo mwanga.

Chukua nyumba ya tembe, kama ya mfanyabiashara Musa Mzuri pale Kaze, Tabora ya leo, walikofikia Januari 1861: paa bapa la udongo, vyumba vikizunguka, ua katikati. Mchoraji huanza na penseli. Ua unaowaka jua hauguswi, brashi huuzunguka tu. Kuta hupata hudhurungi yenye maji mengi. Ikikauka, tabaka la pili hupita chini ya ukingo wa paa. Mlango wenye giza huja mwisho, maana rangi nyepesi haifuniki nzito.

Kiangazi kazi hiyo huenda haraka. Bonde la Kilombero wakati wa masika ni habari nyingine: karatasi hunywa unyevu, hujikunja, na kivuli cha ukuta hutiririkia uani. Dawa ni kuilowesha kwanza, kuibandika ubaoni kwa utepe wa gundi pande zote, na kungoja ikauke ikiwa imenyooka.

Kwa jicho la fundi, hema lile lilitutendea wema. Kamera ya 1860 isingeonyesha wekundu wa udongo. Michoro ya Grant imehifadhiwa Edinburgh, katika Maktaba ya Taifa ya Scotland.