Heko kwa wasanifu wa ngoma za waya

Laini ya umeme ikishasimama, sifa huenda kwa nguzo na kwa waliozipanda. Mimi leo nawapa heko wanaosanifu ngoma, lile gurudumu ambalo waya au kamba ya kuvutia huviringishwa kabla ya kupandishwa.

Kazi yao ni kupunguza uzito. Alumini ina takriban theluthi moja tu ya uzito wa chuma kwa ujazo uleule, na kilo inayotolewa kwenye ukingo wa ngoma husaidia kuliko ya katikati: wabebaji hupumua, na breki huishika ngoma mapema. Hilo si dogo. Mvutaji akisimama ghafla huku ngoma nzito ikiendelea kuzunguka, waya hulegea, hujikunja vitanzi na kuburuzika kwenye mawe. Mikwaruzo hiyo, kwenye laini ya msongo mkubwa, huvujisha umeme hewani kwa mngurumo unaosikika hadi chini.

Ila wepesi peke yake haunishawishi. Alumini iliyopasuka haichomelewi na kila fundi wa mtaani. Ndiyo maana napenda ngoma ya kufungwa kwa bolti: spoku ikipinda, unashika spana, unaitoa, unaweka nyingine. Beringi nazo ziwe za saizi ya kawaida, zinazopatikana duka lolote la vipuri. Zipo hata ngoma zenye ubavu mmoja unaofunguka, bunda la kamba likachomolewa zima bila kuviringishwa upya. Aliyebuni ubavu huo, sina shaka, amewahi kuviringisha kamba kwa mikono yake, tena juani.