Kamera Ndani ya Shati

Itazame upya picha ya Tenzing Norgay kwenye kilele cha Everest, iliyopigwa saa tano na nusu asubuhi, Mei 29, 1953. Mtu amesimama juu ya theluji, ameinua shoka lake la barafu, na bendera zimefungwa kwenye mpini. Uso huuoni: miwani imefunika macho, barakoa ya oksijeni imefunika pua na mdomo. Nyuma yake kuna anga tupu, buluu iliyokolea. Hakuna mlima mwingine, hakuna bonde, hakuna alama yoyote ya kukuambia hapa ni wapi. Mtu akidai ilipigwa kwenye kichuguu cha theluji mita elfu tatu chini ya hapo, kwa kuiangalia tu huna la kumjibu.

Ni picha nzuri mno, na aliyeipiga, Edmund Hillary, alikuwa mfuga nyuki wa New Zealand na wala si mpiga picha. Msafara ulikuwa na mpiga picha wake, Alfred Gregory, na mpiga filamu wake, Tom Stobart, ila hakuna hata mmoja wao aliyefika kileleni. Kwa hiyo kumbukumbu ya tukio lililosubiriwa kwa zaidi ya miaka 30 iliachwa mikononi mwa mpandaji aliyekuwa na kamera ndogo na glavu nene. Alifanyaje? Na je, picha tunayoitukuza ndiyo iliyofanya kazi ya kuthibitisha? Naanza na kamera.

Ilikuwa Kodak Retina ya miaka ya 1930, iliyotengenezwa Ujerumani: kamera ya kukunja, inayotumia filamu ya milimita 35. Ukiifunga, lenzi inazama ndani na kifuniko kinaikinga, nayo inabaki kitu chembamba cha kutia mfukoni. Haikuwa na betri wala kipimo cha mwanga. Haikuwa hata na kifaa cha kupima umbali. Mpigaji alikisia kwa macho mita ngapi zipo kati yake na mtu, kisha akazungusha lenzi mpaka kwenye namba hiyo. Leo tungeiona kamera ya taabu. Lakini kule juu upungufu huo ulikuwa faida. Baridi kali humaliza nguvu ya betri ndani ya muda mfupi, na wanaopanda siku hizi na kamera za dijitali hulala na betri ndani ya mifuko ya kulalia kama vifaranga chini ya kuku. Hillary hakuwa na betri ya kulea. Alikuwa na springi na magurudumu tu.

Springi na magurudumu nayo yana adui wao. Mafuta ya kulainishia mitambo huganda kwenye baridi, na pazia la lenzi linaloganda hufunguka polepole kuliko namba uliyoichagua. Picha inapata mwanga kupita kiasi, au pazia linakwama kabisa. Filamu yenyewe hukakamaa na inaweza kukatika ukiivuta kwa nguvu. Ukiivuta haraka kwenye hewa kavu hivyo, umeme wa msuguano huruka na kuacha michirizi mfano wa radi kwenye picha. Wapiga picha wa milimani walikwishajua dawa zake: safisha mafuta yote kabla ya safari, vuta filamu taratibu. Hillary alichagua njia rahisi kuliko zote. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliibeba kamera ndani ya shati, karibu na mwili, ikiwa imeshatiwa filamu ya rangi. Asubuhi hiyohiyo, katika kambi ya mwisho kwenye mita kama 8,500, buti zake ziliganda kwa kuachwa nje ya mfuko wa kulalia, akalazimika kuziyeyusha juu ya jiko. Kamera haikupatwa na hayo.

Joto la mwili lina hatari moja: jasho. Ukiitoa kamera yenye unyevu kwenye baridi, unyevu unageuka barafu juu ya kioo. Na ukikipumulia kioo kidogo cha kutazamia, umekwisha. Hutaona kitu tena. Kwa hiyo kazi yote kule ni ya kutoa, kupiga, kurudisha, na pumzi unaielekeza pembeni.

Sasa mwanga. Filamu za rangi za wakati ule zilikuwa nzito sana kuitikia mwanga. Kodachrome, iliyokuwa maarufu kuliko zote, ilikuwa na kasi ya takriban ASA 10, wakati simu yako leo inapanda hadi elfu kadhaa bila kukuuliza. Kanuni ya zamani inasema kwenye jua kali weka tundu la lenzi f/16, na muda uwe sekunde moja ikigawanywa kwa kasi ya filamu. Kwa ASA 10 hiyo ni sehemu ya kumi ya sekunde, muda ambao mkono uliotulia tu ndio unaouweza, na mkono wa mtu aliyepungukiwa oksijeni hautulii. Ukitaka sehemu ya mia ya sekunde, hesabu inakufikisha karibu f/5.6. Theluji inayorudisha mwanga kila upande inakuruhusu kufunga hatua moja zaidi, hadi f/8. Hizi ni hesabu zangu, si namba zilizoandikwa kwenye daftari la msafara, lakini zinaonyesha uwanja aliokuwa nao. Kwa lenzi ya milimita 50 kwenye f/8, ukikisia kwamba mtu yuko mita nne, kila kilicho kati ya karibu mita tatu na mita sita kitatoka safi. Nafasi hiyo inasamehe kosa la macho. Kwa kumpiga mtu mzima aliyesimama karibu, kamera ile ilitosha.

Kinachonivutia zaidi ni jua. Mwishoni mwa Mei, kwenye latitudo ya digrii 28 kaskazini, jua la karibu adhuhuri linakaribia kabisa utosi. Kila anayepiga picha za harusi Dar es Salaam anajua ubaya wa saa hiyo: macho yanakuwa mashimo meusi na pua inaangusha kivuli mdomoni. Mbona Tenzing hakutoka hivyo? Sehemu ya jibu ni kwamba uso wake umefunikwa. Sehemu kubwa zaidi ni theluji iliyo miguuni pake. Inarudisha mwanga kwenda juu, inajaza vivuli vya nguo, vya mirija ya oksijeni, vya mkono ulioinuliwa. Studio yoyote ingetumia ubao mweupe kwa kazi hiyohiyo. Na lile anga lililokolea si ufundi wa Hillary. Kwenye kilele cha Everest shinikizo la hewa ni kama theluthi moja ya lile la usawa wa bahari. Hewa ya kutawanya mwanga ni chache, na anga linakaribia weusi. Mtu aliyevaa mavazi mazito akisimama mbele ya pazia kama hilo anajitenga nalo waziwazi.

Alichokifanya Hillary kwa makusudi ni kusimama chini kidogo ya Tenzing na kuelekeza kamera juu. Kwa hatua hiyo alipata umbo la ushindi, lakini akaifuta jiografia yote. Milima iliyowazunguka, Makalu, Cho Oyu, Kangchenjunga kwa mbali, yote ilianguka nje ya fremu.

Hapo ndipo busara yake inapoonekana, maana hakuishia hapo. Alikuwa amevua mtungi wa oksijeni, na muda ulikuwa mchache. Akageuka akaanza kupiga migongo ya mlima ikishuka kutoka miguuni pake, upande kwa upande. Ile aliyoiona ya maana kuliko zote ilikuwa ya mgongo wa kaskazini, ikionyesha shingo ya mlima iitwayo North Col na njia ya misafara ya Waingereza ya miaka ya 1920 na 1930. Aliandika baadaye kwamba hakutarajia matokeo mazuri, kwa kuwa aliona shida kuishika kamera itulie ndani ya glavu zake, ila aliona zingefaa kama kumbukumbu. Baada ya dakika kama kumi vidole vilikuwa vizito na mwendo umepooza, akairudisha oksijeni. Jumla walikaa kileleni kama robo saa.

Picha hizo za migongo hazina mvuto wowote. Ni theluji, mawe na mabonde yaliyo mbali. Lakini ndizo ushahidi. Mandhari inayoonekana ikishuka pande zote, huku mgongo wa kaskazini ukitazamwa kutoka juu, haipatikani kwenye kituo kingine chochote duniani. Mpima ramani anaweza kuchukua vilele viwili au vitatu ndani ya picha, akachora mistari, na mistari ikakutana mahali ilipokuwa lenzi. Hakuna anayeweza kubishana na pembe. Kwenye Kilimanjaro kazi hii inafanywa na ubao wa Uhuru: kila mpandaji anapiga picha kando yake, na mjadala umekwisha. Everest mwaka 1953 haikuwa na ubao.

Thamani ya jambo hili ilionekana miaka saba baadaye. Mei 25, 1960, Wachina Wang Fuzhou na Qu Yinhua na Mtibeti Gonpo walifika kileleni kwa upande wa kaskazini, gizani kabla ya mapambazuko. Giza halikuwaruhusu kupiga picha. Wakapiga walipokuwa wakishuka, kulipokucha. Wapandaji wengi wa nchi za Magharibi walikataa kuwasadiki kwa miaka mingi, na siasa za wakati ule zilichochea. Kikosi cha China kilichorudi mwaka 1975 kilisimamisha kileleni nguzo ya miguu mitatu ya wapima ramani, na waliofuata baadaye waliikuta imesimama palepale.

Kuna upande wa pili wa sarafu. Mwaka 2016 askari polisi wawili wa India walitangaza wamefika kileleni, wakatoa picha nzuri za kusimama na bendera. Zilikuwa zimeunganishwa kwa kompyuta kutoka picha za mpandaji mwingine, na wenzao waliokuwa mlimani ndio waliozitilia shaka. Nepal ikafuta vyeti vyao na kuwafungia miaka 10. Waliiga aina ya picha inayoigika kirahisi: mtu, bendera, anga. Kughushi mzunguko mzima wa milima, kila kilele mahali pake na kila kivuli kikielekea upande mmoja, ni kazi nyingine kabisa.

Limebaki swali linaloulizwa kila mara: mbona hakuna picha ya Hillary? Alieleza kwamba Tenzing hakujua kutumia kamera, na pale hapakuwa mahali pa kumfundisha. Tenzing alisimulia tofauti, kwamba alijitolea kumpiga, Hillary akakataa. Kwa upande wa ufundi hoja ya Hillary ina uzito. Kamera isiyopima umbali wala mwanga, yenye namba ndogo za kuzungusha kwa vidole vya glavu, haikabidhiwi mtu ukamwambia abonyeze tu. Lakini kwa mtu ambaye alikuwa ameshaweka namba zote kwa ajili ya umbali uleule, kubadilishana nafasi kungechukua nusu dakika, na namba zisingehitaji kuguswa.

Pengo hilo lilikuwa na bei yake Kathmandu. Umati ulimpokea Tenzing kama aliyetangulia, na mabango yalimwonyesha akimvuta Hillary kwa kamba. Ikabidi watoe tamko la pamoja kwamba walifika karibu sawia. Mwaka 1955, katika kitabu cha maisha yake, Tenzing alisema wazi kwamba aliyekanyaga kwanza ni Hillary, yeye akafuata.